Malaria Ilirudije Sri Lanka?

SWALI: Mhariri, nimewahi kusoma kwamba katika miaka ya 1960 Sri Lanka ilikaribia kuitokomeza malaria, kisha ugonjwa ukarejea kwa kishindo. Kosa lilikuwa wapi, na je, jirani yake India ilinusurika? – Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Hayo ni kweli, na takwimu zake zinahuzunisha. Mwaka 1963 kisiwa hicho, wakati huo kikiitwa Ceylon, kiliandikisha wagonjwa 17 tu. Mwaka 1969 waliandikishwa zaidi ya nusu milioni.

Upulizaji wa DDT, dawa ya kuua wadudu, ndani ya nyumba, ulioanza katikati ya miaka ya 1940, ulisitishwa pale wagonjwa walipopungua, na uchunguzi wa damu vijijini nao ukalegea. Kisha ukaja ukame. Wengi wetu huihusisha malaria na mvua nyingi, lakini mbu mkuu wa kisiwa hicho, Anopheles culicifacies, hutaga mayai katika vidimbwi safi vinavyobaki mito inapokauka, na ndiyo maana hata mlipuko wa 1934 na 1935, ulioua watu wapatao 80,000, ulifuata kiangazi kikali. Upulizaji uliporejeshwa, mbu walikuwa wameshakuwa sugu kwa DDT, na katika miaka ya 1970 ikabidi nchi ihamie malathioni, dawa iliyo ghali zaidi.

India haikunusurika. Ilipoanza kampeni ya kitaifa mwaka 1953, ilikadiriwa kuwa na wagonjwa milioni 75 kwa mwaka. Kufikia 1965 walikuwa wamebaki takriban 100,000, lakini mwaka 1976 wakafika milioni 6.4. Huko nako usugu wa mbu na uhaba wa dawa vilichangia, ingawa kwa maoni yangu kilichoumiza zaidi nchi zote mbili ni kuhesabu wagonjwa wachache kuwa ni ugonjwa uliokwisha. Tena vivax, aina ya vimelea vya malaria vilivyoenea sana katika ukanda huo, hujificha katika ini na kumrudia mtu miezi kadhaa baada ya homa kutulia, hata pasipo kuumwa na mbu mwingine. Kuvitoa humo huhitaji dawa ya primakwini, ambayo huweza kuwadhuru wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu.

Sri Lanka ilijifunza kwa gharama kubwa. Hata wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoisha 2009, kliniki zinazohamahama ziliendelea kupima watu. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndani ya nchi katika juhudi hizo za kuitokomeza malaria alipatikana Oktoba 2012, na Septemba 2016 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kuwa huru na malaria. Muda mfupi baadaye, huko Mannar, kaskazini-magharibi mwa kisiwa, wataalamu walimkuta Anopheles stephensi, mbu azaliaye katika visima na matangi ya mijini, ambaye awali hakuwahi kuonekana kisiwani. Kwa hiyo kila msafiri anayerejea na vimelea bado hufuatiliwa mpaka nyumbani kwake.