Shangazi, Lupita Alifikaje?

Mwanangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema umefika tamasha la kitaifa la drama na shule yako, na babako yuko tayari kuuza kile kipande cha shamba cha Kilifi ili uje huku Marekani uigize, kwa sababu "hata Lupita alikuwa msichana wa Kenya tu." Nakujibu bila kukuficha kitu: shamba lisiuzwe.

Mwigizaji huyo, Lupita Nyong'o, hakushuka kwenye ndege akaokotwa. Alizaliwa Mexico mwaka 1983, akalelewa Kenya, na alipokuwa na miaka 14 alikuwa ameshacheza Juliet wa Shakespeare na kikundi cha maigizo cha Phoenix Players pale Nairobi. Akasoma Marekani, akarudi nyumbani, akaonekana kwenye Shuga, ile tamthilia ya televisheni, mwaka 2009. Ndipo akaenda Chuo Kikuu cha Yale, huku Marekani, kusomea uigizaji miaka mitatu, akamaliza 2012. Machi 2014 akapewa Oscar, tuzo ya filamu, kwa kucheza mtumwa katika 12 Years a Slave. Nyinyi mnaukumbuka usiku ule na gauni la buluu. Mimi nawaza ile miaka tangu Juliet. Na hata baada ya Oscar, amesema mwenyewe, kuna waliomtaka acheze mtumwa tena, safari hii ndani ya meli.

Mimi nilijaribu pia, babako hajui. Mwaka wangu wa pili hapa nilienda usaili wa tangazo. Nikasoma maneno, wakaniambia niongee kwa lafudhi ya Kiafrika. Nikawaambia hii ndiyo lafudhi yangu, ya Mombasa. Wakasema hapana, ile nyingine. Nikatoka, nikapanda treni, nikaenda kazini kumwogesha mzee wangu. Kazi yangu ni kulea wazee, zamu ya usiku, na hiyo ndiyo inayolipa kodi na karo yako.

Suala la karatasi ndilo linalowazima wengi. Ukija kwa visa ya mwanafunzi, kazi unayoruhusiwa wakati wa masomo ni ya hapo chuoni, saa 20 kwa wiki. Ukihitimu, kwa fani yako unapewa mwaka mmoja wa kufanya kazi. Mwaka mmoja, mwanangu, na hapa kuna watu wamezunguka usaili miaka kumi! Ukija kwa visa ya matembezi ndiyo huna ruhusa kabisa, na atakayekwambia "njoo tu, tutapanga ukifika" anakutafutia taabu.

Lakini njia ipo. Shule ile ya drama ya Yale haitozi karo tangu 2021, baada ya mchango wa dola milioni 150. Wanaochukuliwa ni wachache mno. Soma shahada hapo nyumbani kwanza, cheza jukwaani kila upatapo nafasi, hata zile tamthilia za vitabu vya mtihani zinazozungushwa shuleni, kisha uombe ukiwa na kitu cha kuwaonyesha.

Agosti 2025 nilitoka zamu alfajiri nikaenda moja kwa moja Central Park, ile bustani kubwa ya New York. Tiketi za Delacorte, ukumbi wa maigizo wa hapo bustanini, ni za bure, ila unapanga foleni. Nilitandika leso yangu kwenye nyasi nikalala hapo mpaka saa sita mchana, ndipo zikagawiwa. Usiku ule Lupita alicheza Viola katika Twelfth Night ya Shakespeare, na pacha wake wa mchezoni alikuwa nduguye wa damu, Junior. Mwongozaji, Saheem Ali, naye ni mzaliwa wa Kenya. Viola anaamini kakake, huyo pacha, amekufa maji. Basi walipokutana na kuzungumza, wale ndugu wawili, walizungumza Kiswahili. Katikati ya New York, bila mtu kuwaomba lafudhi nyingine. Nililia hadi mama aliyekaa kando yangu akanipa kitambaa.

Kwa hiyo nitumie video. Simama uani, simu mtu akushikie, usome lile shairi ulilosoma kwenye tamasha, lote, kwa sauti yako ya kawaida. Jumapili sina zamu, nitakupigia tuliangalie pamoja mstari kwa mstari. Na mpe babako simu, nizungumze naye habari ya shamba.