Nimesoma Mara Nne na Bado Nimesahau: Maswali Yenu Kuhusu Maisha ya Chuo

Maswali haya saba nimeyachagua kwa sababu hunirudia kila muhula, yakiletwa na watu tofauti kwa maneno yanayokaribiana sana. Mengi huanza na neno "samahani", kana kwamba kuuliza ni kosa. Nitayajibu kama ninavyomjibu mwanafunzi aliyeketi mbele yangu, mengine kwa kirefu na mengine kwa maneno machache.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nipo mwaka wa kwanza. Kabla ya mtihani huwa nasoma daftari langu mara tatu au nne na kulielewa kabisa, lakini nikishaingia kwenye chumba cha mtihani kila kitu kinapotea. Je, nina tatizo la kumbukumbu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kumbukumbu yako ni nzima. Chenye kasoro ni kipimo unachokitumia kujua kama umeelewa. Unapolipitia daftari kwa mara ya nne, macho huyatambua maneno upesi, na wepesi huo wa kutambua ndio unaoudhania kuwa ni kujua. Mtihani haukuonyeshi maneno ili uyatambue, bali hukupa karatasi tupu na kukutaka uyatoe kichwani. Hizo ni kazi mbili, nawe umeifanyia mazoezi moja tu.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo ningependa kila mwanafunzi mpya alijue. Wanafunzi walipewa vifungu viwili vya kusoma. Kimoja walikisoma tena, na kingine, badala ya kukisoma tena, walitakiwa kuandika yote waliyoyakumbuka bila kukiangalia. Walipopimwa baada ya dakika tano, kifungu kilichosomwa mara mbili ndicho kilichokumbukwa zaidi, na hapo ndipo penye asili ya matumaini unayokuwa nayo usiku wa kuamkia mtihani. Kwa waliopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: kifungu kilichorudiwa kusomwa kilikumbukwa kwa takriban asilimia 42, na kile walichojipima kwa takriban asilimia 56.

Basi fanya hivi leo. Soma ukurasa mmoja, funga daftari, chukua karatasi isiyo na kitu na uandike kila unachokikumbuka, hata kama ni sentensi zilizokatika katikati. Utafika mahali kalamu itasimama. Usikimbilie kufungua daftari; subiri kidogo, jikamue, kwa kuwa jitihada ile ya kutafuta ndiyo inayolijenga somo kichwani. Kisha fungua, na kwa kalamu ya rangi nyingine ongeza yale uliyoyaacha. Maandishi ya rangi ya pili ndiyo utakayoanza nayo kesho, na utayarudia tena baada ya siku chache. Katika karne ya 19 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, alionyesha kwamba usahaulifu huenda mbio katika saa za mwanzo na kisha hupunguza mwendo, na kwamba kujifunza kulikogawanywa katika siku kadhaa hudai marudio machache kuliko kulikosongamanishwa katika siku moja.

Nakutahadharisha kwamba karatasi yako ya kwanza huenda ikawa na mistari mitano tu, na moyo utavunjika. Wengi huiacha njia hii siku hiyohiyo na kurudi kwenye kusoma mara nne, kwa sababu kusoma mara nne hakumwaibishi mtu. Tafadhali usiwe mmoja wao. Ivumilie kwa wiki mbili.

Swali: Mwalimu, wenzangu wote hukesha usiku wa mwisho kwa msaada wa kahawa. Nami nikeshe?

Jibu: Hapana. Ukiwa umelala, ubongo unaendelea kuyaimarisha yale uliyojifunza mchana, hivyo anayekesha huikata kazi hiyo kabla haijakwisha na kuingia kwenye mtihani akiwa na akili nzito. Kuhusu kahawa, kwa mtu mzima nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini baada ya takriban saa tano. Uliyoinywa saa nne za usiku, nusu yake ingali inakuchangamsha saa tisa, hata ukiwa umeshapanda kitandani. Kama umechelewa kweli kweli, chagua mada tatu zenye uzito, jipime kwa karatasi tupu niliyoieleza hapo juu, kisha ulale.

Swali: Samahani Mwalimu. Tupo sita katika kazi ya kundi, na mmoja wetu hafanyi chochote. Wenzangu wanataka tufute jina lake. Mimi nasitasita.

Jibu: Endelea kusitasita kidogo, na nitakueleza sababu. Nilipokuwa mwanafunzi tulikuwa watano, na mwenzetu mmoja hakuleta sehemu yake mpaka siku ya mwisho. Niliiandika mimi kwa usiku mmoja, nikiwa na hasira, na asubuhi nikaliondoa jina lake kwenye jalada bila kumwambia neno. Muhula uliofuata tulijikuta meza moja maktabani, akatoa ndani ya daftari lake karatasi nne zilizokunjwa mara mbili, zilizojaa maneno yaliyokatwa na kuandikwa upya. Ilikuwa ni sehemu yake. Alikuwa ameimaliza mapema, ila alipoona za wengine zimechapwa vizuri na zimejaa istilahi nzito, aliona haya kuileta yake. Nilizisoma palepale. Alivyolieleza jedwali la pili ndivyo lilivyopaswa kuelezwa, nasi tulikuwa tumelikosea. Hadi leo nasikitika kwamba sikumuuliza swali moja tu: "Umefika wapi?"

Sisemi kwamba kila anayekaa kimya ana karatasi nne ndani ya daftari. Wapo wanaotegea, na kundi lenyewe huwarahisishia. Mfaransa Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo, alichapisha mwaka 1913 vipimo vya watu wanaovuta kamba, akaonyesha kwamba kadiri wavutaji wanavyoongezeka ndivyo nguvu ya kila mmoja inavyopungua. Watafiti waliomfuata waligundua kwamba upungufu huo una vyanzo viwili: watu kutovuta kwa wakati mmoja, na mtu kulegea anapoamini kuwa wenzake wapo. Kazi ya kundi ina maradhi hayohayo mawili. Mkisema "tutagawana baadaye", hakuna anayejua avute lini, wala hakuna atakayeonekana akilegea.

Kwa hiyo, kabla ya kufuta jina, kutaneni kwa dakika 15. Kila mtu apewe kipande kidogo kinachojulikana, kwa mfano "maelezo ya jedwali la pili, nusu ukurasa", pamoja na siku ya kukileta, na mkubaliane kwamba kila mmoja ataleta alichonacho hata kama hakijakamilika. Wewe unayesitasita ndiye unayefaa kwenda kuzungumza na mwenzenu, mkiwa wawili tu. Akishaulizwa vizuri, akapewa kipande chake na siku yake, na bado hakuleta kitu, mwambieni kwanza kwamba mtamweleza mhadhiri, kisha mwelezeni mhadhiri ukweli ulivyo. Hapo hamtakuwa mmemdhulumu.

Swali: Kuna somo ambalo wiki tatu sasa sielewi kitu. Naogopa kwenda kwa mhadhiri, ataniona mjinga.

Jibu: Mhadhiri anapata shida kumsaidia mwanafunzi anayesema "sijaelewa mada nzima", kwa sababu hajui aanzie wapi, na huenda akairudia mada vilevile ilivyokuwa darasani. Mpelekee mahali ulipopotelea. Chukua swali moja, lifanye kwa mkono wako mpaka uliposhindwa, kisha nenda na karatasi hiyo useme: "Nimefuata mpaka hatua ya tatu. Hapa alama ya chanya imegeuka hasi, na sijui kwa nini." Jibu la swali la namna hiyo huchukua dakika chache, na mara nyingi hufungua mambo ya wiki nzima. Nimeketi upande wa pili wa meza hiyo kwa miaka mingi, na mwanafunzi anayekuja na karatasi iliyokwama katikati humpa mwalimu furaha ambayo wanafunzi hawaijui. Nenda wiki hii, maana wiki ya nne itakuwa imejengwa juu ya hizo tatu.

Swali: Mwalimu, nipo mwaka wa mwisho. Nilipanga kuandika ripoti yangu ya utafiti kwa mwezi mmoja. Mwezi umekwisha na nina sura moja tu. Je, mimi ni mvivu?

Jibu: Sikuoni mvivu, nakuona mtu aliyepanga kama watu wengi wanavyopanga. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, Roger Buehler na wenzake wawili waliwauliza wanafunzi wa mwaka wa mwisho tasnifu zao zingekamilika lini. Kwa wastani walikisia siku 34 hivi, na kwa wastani zikawachukua zaidi ya siku 55. Tunapopanga huwa tunaitazama kazi iliyo mbele yetu kana kwamba hakuna kitakachoizuia, na hatujiulizi zile za nyuma zilichukua muda gani.

Wewe sasa una kipimo cha kweli, ambacho ni sura yako ya kwanza. Hesabu siku zilizoitosha tangu siku uliyofungua ukurasa mtupu hadi msimamizi aliporudisha maoni, na uzipangie sura zilizobaki kwa hesabu hiyo. Tanguliza yale yanayotegemea watu wengine, yaani barua za ruhusa, ukusanyaji wa data na muda wa msimamizi kusoma, kwa sababu hayo huwezi kuyaharakisha kwa kukesha. Wakati unasubiri, andika sura ya mbinu za utafiti, ambayo ni maelezo ya mambo uliyoyafanya mwenyewe na ndiyo nyepesi kuliko zote. Na umwandikie msimamizi leo kumjulisha ulipofika. Amezoea ripoti zinazochelewa, kinachompa taabu ni mwanafunzi aliyetoweka.

Swali: Fedha zangu huisha katikati ya muhula, ingawa sinywi wala sinunui mambo ya anasa.

Jibu: Nakuamini. Fedha ikija yote kwa pamoja huonekana nyingi, na wiki tatu za mwanzo huila sehemu ya wiki za mwisho. Siku inapoingia, toa kwanza yasiyosubiri, kama kodi ya chumba na ada. Zilizobaki zigawe kwa idadi ya wiki za muhula ukiongeza wiki mbili za dharura, na uishi kwa fungu la wiki hiyo. Rafiki akija kukopa, mpe kutoka katika fungu la wiki hii tu. Likiwa limekwisha, huna, na unapomwambia huna utakuwa unasema kweli.

Swali: Mwalimu, nimefeli masomo mawili. Nyumbani niliwaambia nimefaulu yote. Sasa silali, na kila simu ya mama ikiita moyo unanienda mbio. Nifanye nini?

Jibu: Mwanangu, pole sana. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Kabla ya yote, ikiwa katika usiku huo usiolala umekujia wazo la kujidhuru, mtafute mtu leo hii, awe mshauri wa wanafunzi, daktari au rafiki unayemwamini, umwambie kwa maneno yaliyo wazi. Hilo linatangulia masomo na wazazi pia.

Jambo la pili ni kwenda katika idara yako na kuuliza taratibu: kama kuna mtihani wa marudio au ni lazima kulirudia somo zima, lini, na mwisho wa kujiandikisha ni lini. Nimeona wanafunzi ambao wangeweza kufaulu wakipoteza mwaka mzima kwa sababu tarehe ya kujiandikisha iliwapita wakiwa wamejificha chumbani. Omba pia kuonyeshwa ulipopoteza alama, kama chuo chako kinaruhusu. Kuna tofauti kubwa kati ya asiyejua somo na aliyelijua lakini akaacha maswali mawili kwa kuishiwa muda, na matayarisho yao hayafanani.

Ukiwa na majibu hayo mkononi, mpigie mama. Mpigie, usimtumie ujumbe, kwa kuwa maandishi hayatamfikishia majuto yaliyo katika sauti yako. Usianze kwa kuzunguka na habari za hali ya hewa. Sentensi ya kwanza baada ya salamu iwe ndiyo yenyewe: "Mama, nimefeli masomo mawili, na nilipokuambia nimefaulu nilikudanganya. Naomba unisamehe. Nimeshakwenda idarani, marudio yapo, na nimejiandikisha." Kisha nyamaza umsikilize. Huenda akakasirika, huenda akalia, huenda akanyamaza kwa muda utakaouona mrefu mno. Usiujaze kwa kumlaumu mhadhiri wala kwa kuahidi mambo makubwa. Kitakachomuuma zaidi nadhani ni ule uongo, kwa hiyo akiuliza uongo ulianzaje, mjibu kila anachouliza.

Kama kidole kinakataa kubonyeza, mwombe shangazi, kaka au rafiki wa karibu aketi kando yako unapopiga. Aketi tu, maneno yawe yako. Nawe ukishamaliza, niandikie hata mstari mmoja, nijue umeongea naye.