Kusoma picha za makaburi ya askari: kwa mnaoanza kazi ya nyaraka

Ndugu zangu mnaoanza, picha ya kaburi la askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia isomeni maandishi yake kwanza, kisha ndipo mtazame kilichomo. Picha nyingi za namna hii zilizotoka Ufaransa na Ubelgiji hazikupigwa kwa ajili ya magazeti. Mwaka 1915, miili ya askari wa Uingereza ilipopigwa marufuku kufukuliwa na kurudishwa kwao, familia zilibaki bila kaburi la kuzuru, na kikosi cha jeshi hilo cha kuandikisha makaburi, chini ya Mwingereza Fabian Ware, kikaanza kuwapelekea ndugu walioomba picha ya kaburi la mtu wao.

Picha hiyo ilibandikwa kwenye kadi yenye jina, cheo na mahali kaburi lilipo, halafu mstari unaonigusa kila ninapoufikia: kituo cha reli kilicho karibu. Aliyeipanga kadi ile alijua kwamba mama au mjane atakayeipokea angetamani siku moja kwenda. Unakilini mstari huo, pamoja na namba ya picha, kwa kuwa ofisi ile ilitaka namba hiyo itajwe katika kila barua iliyohusu picha yenyewe.

Baada ya hapo shikeni lenzi. Mtaona msalaba wa mbao, utepe mwembamba wa bati uliogongwa herufi moja moja, na udongo ambao haujatulia. Msiipite misalaba ya jirani, maana jina linalosomeka nusu pembeni huenda ndilo linalotafutwa na familia nyingine.

Katika miaka yangu ya mwanzo niliandika kwenye orodha kwamba askari mmoja amelala pale pale panapoonekana pichani, na jamaa zake nusura wafunge safari kwa neno langu. Hakuwa pale. Baada ya vita kusimama mwaka 1918, makaburi mengi yaliyotawanyika mashambani yalifukuliwa, miili ikakusanywa katika makaburi makubwa, na mawe yakachukua nafasi ya misalaba. Mengine yalikwisha kusagwa na mizinga, hata mtu aliyekuwa na msalaba wenye jina akaishia kuandikwa kwenye ukuta wa kumbukumbu pamoja na wasiojulikana walipolala. Siku hizi naandika “kaburi la awali”, kisha natafuta fomu za kuhamisha miili kabla sijamjibu mtu yeyote.

Kwa wanaomtafuta babu aliyekuwa mpagazi, yaani mbeba mizigo wa jeshi katika vita hivyo huku kwetu Afrika Mashariki, jiandaeni kukosa picha. Wapagazi, ambao kikosi chao, Carrier Corps, kilituachia jina la Kariakoo, kwa jumla hawakuwekewa mawe yenye majina. Mnara wa kumbukumbu ya vita hivyo ulioko Nairobi unawaita miguu na mikono ya jeshi, bila kumtaja hata mmoja wao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha taarifa inayokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Familia ya namna hiyo ikija, msiipoze kwa picha ya makaburi ya Taveta ambayo si ya mtu wao. Ikaribisheni kiti, muandike jina la marehemu, la baba yake na la kijiji kama wanavyoyatamka wenyewe, kwa sababu kwa wengi huo ndio utakuwa uandikishaji wa kwanza.