Matumbawe dukani Arusha? Usiyanunue

Dada, huyo jamaa wa Tanga anayetaka kukuletea matumbawe makavu uyauze pamoja na vinyago, achana naye. Mtalii akikutwa nayo uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, atanyang'anywa, na lawama zitarudi dukani kwako.

Halafu piga hesabu. Tumbawe la mviringo hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Likiwa hai huficha samaki wachanga, huvunja nguvu ya mawimbi, na humpa riziki mwenye mashua anayepeleka wageni kuzamia Mafia, msimu baada ya msimu. Likikauka unaliuza mara moja, basi. Na miamba yenyewe imeshateseka: baruti za wavuvi, kisha joto la bahari la 1998 lililoipausha.

Ongeza batiki na picha za tingatinga. Hizo hazina maswali forodhani.