Wasomaji Wanauliza: Nauli Nafuu ya Ndege Msimu wa Sikukuu

Barua nyingi zilizotufikia zinahusu safari za nje ya nchi wakati wa sikukuu, na tumechagua nne ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa na wengine.

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Columbus, Ohio, pamoja na watoto wetu watatu wa miaka 13, 9 na 5. Nyumbani ni Old Moshi, na mama mkwe ametuomba tule Krismasi pamoja. Nilipotafuta tiketi ya mtu mmoja nilionyeshwa bei ninayoweza kuimudu, lakini nilipoandika watu watano bei ya kila mmoja ilipanda, na kesho yake ikapanda tena. Jirani ananishauri nisubiri Jumanne usiku na nifute kumbukumbu za simu ndipo nitafute upya. Je, kuna ukweli? Na je, si nafuu tushukie Nairobi? (Mama wa watatu, Columbus)

JIBU: Dada yangu, simu yako haina hatia. Shirika la ndege haliuzi viti vyote vya daraja la kawaida kwa bei moja, bali huvigawa katika mafungu, kila fungu likiwa na herufi yake, bei yake na masharti yake, na fungu la bei ya chini ndilo lenye viti vichache zaidi. Ukiulizia nafasi moja wakati fungu hilo limebakiza viti vitatu, utapewa bei ya chini. Ukiulizia nafasi tano kwa mkupuo, mfumo wa tiketi hautawapa watatu bei ya chini na wawili bei ya juu, bali kwa kawaida utawapandisha nyote watano hadi kwenye fungu lenye viti vya kuwatosha. Kesho yake mtu mwingine akinunua viti viwili katika fungu hilo, bei inapanda tena bila yeyote kukufuatilia.

Kwa hiyo tafuta kwanza nafasi moja, kisha mbili, kisha tatu, mpaka uone bei inaruka wapi. Ikiruka baada ya nafasi ya tatu na tofauti ikiwa kubwa, mnaweza kununua kwa makundi mawili, mume na watoto wawili upande mmoja, wewe na mtoto mmoja upande wa pili, kisha mkapiga simu katika shirika lenyewe ili liandike kwenye kumbukumbu zake kwamba mnasafiri pamoja. Zingatia hatari yake, kwani ndege ikiahirishwa, kundi moja linaweza kupangiwa safari ya leo na lingine ya kesho. Kwa tofauti ya dola chache nisingeigawa familia yenye mtoto wa miaka mitano.

Kuhusu Jumanne usiku, siku ya kununua haina uzito unaosemwa. Chenye uzito ni siku ya kusafiri. Msimu huu wasafiri wengi kutoka Marekani na Ulaya huondoka siku zile zile shule zinapofungwa, katikati ya wiki ya tatu ya Desemba, na hutaka kurudi siku zile zile kabla hazijafunguliwa, katika wiki ya kwanza ya Januari. Fungua kalenda ya bei katika Google Flights au Skyscanner uone jinsi nauli inavyopanda kuanzia siku hizo. Watu wengi hushauriwa kupanda ndege tarehe 24 au 25 Desemba, siku ambazo mara nyingi nauli hushuka, lakini ninyi mmeitwa kula Krismasi na mama mkwe, na safari ya Ohio hadi Moshi huchukua zaidi ya siku nzima, hivyo ushauri huo hauwafai. Kilichobaki ni kutangulia. Ningekuwa mimi, ningeuandikia uongozi wa shule mapema kuomba watoto waondoke siku nne au tano kabla ya kufunga, maana akiba ya siku hizo inazidishwa mara tano, na hakuna punguzo la mtandaoni litakaloifikia.

Usisubiri punguzo la dakika za mwisho. Mashirika mengi hufungua mauzo ya safari takriban miezi 11 kabla, na kwa safari za Desemba kuelekea Afrika Mashariki ndege hujaa zenyewe, kwa hiyo hakuna anayelazimika kuzishusha bei mwezi Novemba. Anza kufuatilia mwezi Mei au Juni, weka taarifa ya bei ili ujulishwe nauli inapobadilika, na ununue katikati ya mwaka pindi uionapo bei ambayo mnaweza kuilipa. Sheria ya Marekani inakusaidia hapo. Ukinunua kwa shirika lenyewe, siku saba au zaidi kabla ya kuondoka, shirika linapaswa ama kukushikilia nauli hiyo kwa saa 24 bila malipo ama kukuruhusu kuifuta tiketi ndani ya saa 24 na kurudishiwa fedha yote. Una usiku mmoja wa kujadiliana na mumeo mkiwa tayari mmeishika bei.

Tafuta pia kutoka viwanja vingine. Ethiopian huondokea Chicago na Washington Dulles, Turkish huondokea Detroit, na wote wawili hutua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kama wanavyofanya Qatar Airways kupitia Doha na KLM kupitia Amsterdam. Hata hivyo, usikimbilie kununua tiketi moja ya kukufikisha Chicago na nyingine ya kukutoa huko. Ethiopian, Turkish na United wote wamo katika Star Alliance, ushirika wa mashirika ya ndege yanayouziana safari, na mara nyingi tiketi moja inayoanzia Columbus hadi KIA huongezeka kidogo tu kuliko ile inayoanzia Chicago. Theluji ikichelewesha ndege ya asubuhi, mwenye tiketi moja hupangiwa ndege nyingine bila malipo, ilhali mwenye tiketi mbili hutambuliwa kama abiria aliyechelewa na anaweza kupoteza nauli yote.

Sasa Nairobi. Ni kweli kwamba nauli ya Nairobi mara nyingi iko chini ya ile ya KIA, kwa kuwa mashirika yanayoshindania abiria huko ni mengi, na Kenya Airways huruka moja kwa moja kutoka New York. Kwa kijana mmoja mwenye begi la mgongoni ningesema nenda. Kwa familia yako, piga hesabu mpaka mlangoni kwa mama mkwe. Kuna nauli ya basi dogo la Namanga mara tano, saa tano au sita za barabara hadi Arusha kabla ya kuitafuta Moshi, na pengine usiku mmoja wa hoteli. Wenye pasi za Marekani watahitaji kibali cha eTA, ambacho Kenya ilianza kukitumia Januari 2024 badala ya viza, kwa takriban dola 30 kila mtu. Kisha, kwa kuwa Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, mtaulizwa kadi ya chanjo mpakani. Chanjo hiyo huko Marekani hutolewa katika kliniki zilizoidhinishwa tu, si rahisi kwa bei, na cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Jambo hili huwapata hata wasioshuka Nairobi, kwani Tanzania hudai kadi hiyo kwa abiria aliyesubiri zaidi ya saa 12 katika uwanja wa nchi yenye hatari, na tiketi nyingi za bei ya chini kupitia Addis Ababa zina kusubiri kurefu namna hiyo. Soma saa za kusubiri kabla ya kusoma bei.

Mwisho, tazama mizigo. Najua hamtakwenda mikono mitupu. Baadhi ya mashirika ya Ulaya huuza nauli ya chini kabisa isiyo na begi la kupakia, na mitandao ya kulinganisha bei huiweka juu ya orodha. Ukiongeza begi moja kwa kila mtu, kwenda na kurudi, tiketi iliyokuwa ya tatu kwa unafuu inaweza kugeuka kuwa ya kwanza.

SWALI: Mimi na mke wangu ni wastaafu, tunaishi Tabata. Binti yetu yuko Manchester na anataka tuwe naye Krismasi. Wakala tuliyeelekezwa na jirani ametupatia bei nzuri kuliko wote, tukamtumia kwa simu shilingi milioni moja ya kutanguliza, naye akatuletea karatasi yenye majina yetu na herufi sita. Anasema tiketi ziko tayari na tumalizie fedha wiki hii. Viza bado. Je, tuko salama? (Baba, Dar es Salaam)

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Tafadhali usitume shilingi nyingine kabla ya kusoma haya, kwa sababu inaniuma kuona kila mwaka wazee wakifika kaunta ya uwanja wa Julius Nyerere wakiwa na karatasi kama yako, mabegi yamefungwa vizuri, na majina yao hayamo kwenye orodha ya abiria.

Herufi sita ulizopewa ni namba ya kuwekewa nafasi, na kuwekewa nafasi si kuwa na tiketi. Wakala anaweza kuwashikia viti bila kulipa chochote kwa shirika, na muda uliowekwa ukipita kabla ya malipo, mfumo unavifuta viti hivyo wenyewe ingawa karatasi bado iko mkononi mwako. Tiketi yenyewe ina namba ya tarakimu 13, na tarakimu tatu za mwanzo ni za shirika husika: 176 ni Emirates, 157 ni Qatar Airways, 071 ni Ethiopian, 235 ni Turkish. Itazame karatasi yako. Kama namba ya namna hiyo haipo, tiketi haipo. Kisha mwombe kijana wa nyumbani afungue tovuti ya shirika hilo, aingize herufi sita na jina lako la ukoo, aone kama safari inaonekana, au nenda mwenyewe katika ofisi ya shirika hapo mjini na uulize kama tiketi imekatwa.

Wakala mwaminifu hachukizwi na maswali haya. Mwulize kama amesajiliwa na IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, viti vinashikiliwa mpaka saa ngapi, na fedha inaingia kwenye akaunti ya ofisi au kwenye simu ya mtu. Mkilipa, namba za tarakimu 13 zapaswa kuwafikia siku hiyo hiyo pamoja na stakabadhi, na majina yafanane herufi kwa herufi na ya kwenye pasipoti.

Ila hata akiwa mwaminifu, msimalizie malipo ya tiketi zisizorudishwa kabla ya viza. Uingereza haimtaki mwombaji awe amekwisha kununua tiketi, na maombi yakikataliwa au yakichelewa hasara itakuwa yenu. Ombeni viza mapema kadiri kanuni zinavyoruhusu.

Mna bahati moja ambayo wengi hawaijui. Desemba mkondo wa abiria ni wa kutoka Ulaya kuja kwetu, na Januari ni wa kurudi Ulaya, nanyi mnakwenda kinyume chake, hivyo mara nyingi nauli inayoanzia Dar es Salaam haiumi kama ile anayolipa binti yenu akija nyumbani. Tena msikubali kukatiwa tiketi ya London ati ndiyo Uingereza. Emirates na Qatar Airways huwatoa Dar es Salaam na kuwafikisha Manchester kwa kubadilisha ndege mara moja tu.

SWALI: Niko Maskati na kila Idd el-Fitri nauli ya Unguja inanishinda. Nifanyeje? (Msomaji, Maskati)

JIBU: Ndugu yangu, Idd hurudi nyuma kwa takriban siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2025 ilikuwa mwishoni mwa Machi, na mwaka 2027 itakaribia tarehe 10 Machi. Wengi hungoja tangazo la serikali la siku za mapumziko ndipo wanunue, na wote hununua wiki hiyo moja. Wewe nunua miezi kadhaa kabla kwa makadirio, ukiondoka siku tatu au nne kabla ya siku inayotazamiwa, na uchague nauli inayoruhusu kubadilisha tarehe kwa ada ndogo, kwa kuwa mwezi unaweza kuandama siku moja mapema au baadaye. Linganisha pia nauli ya kutua Dar es Salaam, kisha ukavuka kwa boti ya takriban saa mbili, na ile ya kupitia Dubai. Kama pasi yako si ya Tanzania, weka kando dola 44 za bima ambayo Zanzibar ilianza kuwatoza wageni tarehe 1 Oktoba 2024.

SWALI: Mtoto wetu atatimiza miaka miwili tukiwa likizoni. Je, tumlipie kama mtoto mchanga? (Wazazi, Nairobi)

JIBU: Mashirika hutazama umri wa mtoto katika tarehe ya kila safari. Kwenda, atapakatwa na kulipiwa takriban asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Kurudi, atakuwa amevuka miaka miwili, na lazima awe na kiti chake kwa nauli ya mtoto, ambayo kwa tiketi za bei ya chini hukaribia ile ya mtu mzima. Kama ratiba inaruhusu, rudini siku moja kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Kama hairuhusu, kateni kiti chake cha kurudi mapema, kwa sababu kukitafuta Januari ndege zikiwa zimejaa ni ghali mno, na pasipoti yake itasomwa kaunta. Tovuti nyingi hushindwa kuuza tiketi ya namna hii, kwa hiyo pigeni simu katika shirika lenyewe na mtaje tarehe ya kuzaliwa tangu mwanzo.