Muulize Anti: Hii "organiki" ni organiki kweli?

*Shikamoo Anti. Nilinunua losheni kwa dada mmoja anauza onlaini, kopo lina stika tu imeandikwa Organic 100%, akaniambia ni papai, asali na mchele. Wiki ya kwanza niling'aa mpaka ofisini wakawa wananiuliza siri yangu. Sasa ni mwezi wa nne, nikiacha siku mbili tu uso unawaka, vipele vinatoka na mashavuni naona vimishipa vyekundu. Yeye anasema eti ni sumu inatoka mwilini niendelee kupaka. Niendelee? Na organiki ya kweli mtu anaijuaje? – Msomaji, Tabata*

Marahaba mdogo wangu. Usiendelee. Hakuna sumu inayotoka hapo, na papai na asali na mchele havijawahi kumng'arisha mtu kwa wiki moja hata ungejipaka ndoo nzima. Kinachofanya hivyo kwa haraka ni steroidi (dawa kali ya ngozi ya kuandikiwa na daktari), au haidrokwinoni (kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi), au zebaki, na huo uso kuwaka ukiacha, na vimishipa kuonekana, ni dalili za ngozi iliyozoea steroidi ikawa nyembamba. Huo ni mkorogo tu, umebandikwa jina zuri. Nenda kwa daktari wa ngozi, kopo ulibebe ulivyolinunua, mwambie ukweli umepaka muda gani na sehemu gani za mwili, maana dawa ya kuacha inategemea hayo. Zebaki ndo inanitisha zaidi kwa sababu inaingia mpaka kwenye figo, na mkataba wa kimataifa wa Minamata wa 2013, wa kudhibiti zebaki, ulishaweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuingiza krimu zenye zaidi ya sehemu moja ya zebaki kwenye milioni, lakini bado zinapita mikononi mwetu, zingine hazina hata lebo kama hiyo yako.

Haya, organiki. Watu wengi wanadhani maana yake ni "haina kemikali" au "ya kienyeji", hapana. Organiki ni habari ya shamba: mmea umelimwa bila mbolea ya viwandani na bila dawa za wadudu za viwandani, na kuna mtu wa tatu, sio muuzaji, amekwenda kukagua. Kwa hiyo unatafuta nembo ya huyo mkaguzi. Kwa vitu vya Ulaya ni COSMOS ORGANIC, pembeni kuna jina la aliyekagua kama Ecocert au Soil Association, au NATRUE ya daraja la organic, kwa vya Marekani USDA Organic, na kwa mazao ya kwetu Afrika Mashariki kuna Kilimohai, ipo tangu 2007. Angalia neno vizuri lakini, COSMOS NATURAL sio COSMOS ORGANIC, hiyo ya natural hailazimishwi kiwango chochote cha organiki. Na hata hiyo ORGANIC yenyewe losheni inaruhusiwa kuwa na asilimia 20 tu ya organiki kwenye kopo zima, kwa sababu maji hayahesabiki kuwa organiki na sehemu kubwa ya losheni ni maji. Sio wizi, asilimia inaandikwa pale pale kwenye lebo, we soma. Nembo ya TBS, yani Shirika la Viwango Tanzania, nayo ni muhimu, wao ndo wanasimamia vipodozi tangu 2019, ila inazungumzia ubora na usalama, haisemi chochote kuhusu organiki.

Halafu geuza kopo. Viungo vinaandikwa kuanzia kilicho kingi, ila vile visivyofika asilimia moja vinaweza kupangwa vyovyote mwishoni. Juzi nimeshika moja Kariakoo, mbele limechorwa jani la mshubiri kijani kibichi linajaza kopo lote, nyuma inaanza Aqua, yani maji, inafuata Paraffinum Liquidum ambayo ni mafuta yanayotokana na petroli, mshubiri nimeukuta wa kumi na nne, baada ya Parfum, yani manukato! Inaonekana jani lenyewe ni kidogo mno. Nimelirudisha.

*Anti, nimeagiza mafuta ya nazi kutoka Tanga, yamefika Njombe yameganda meupe kama samli. Nimeibiwa? – Mama Watatu, Njombe*

Hujaibiwa mama, tena ungenieleza kwamba Njombe mwezi wa saba hayakuganda ndo ningeanza kuuliza maswali. Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya kama nyuzi 24, Tanga hawalioni sana hilo ila wewe utaliona kila asubuhi. Chota kidogo uweke kiganjani, yanatakiwa kuyeyuka hapo hapo na kunukia nazi, sio kunuka uchachu.

Ila safi na organiki ni vitu viwili. Muulize muuzaji nazi katoa wapi na minazi inapigwa dawa au la. Wengi wa pwani hawapigi chochote ila cheti hawana, kwa sababu ukaguzi ni gharama kubwa kwa mtu mwenye minazi thelathini, ndo maana kuna vikundi vya wakulima wanakaguana wenyewe kwa utaratibu maalumu na kuruhusiwa kutumia Kilimohai. Mie binafsi namwamini zaidi anayeniambia "sina cheti ila njoo uone shamba" kuliko mwenye stika ya 100% aliyoiprinti mwenyewe stesheneri.

*Anti hujambo, naeza kusaga mshubiri nichanganye na limau na mafuta ya karafuu nipake mwezi mzima? Ni ya nyumbani so ni salama. – Binti wa Likoni*

Sijambo binti. Limau litoe kabisa, limau na jua la Mombasa linaunguza ngozi na kuacha mabaka meusi yanayokaa miezi. Karafuu isipozimuliwa inachoma, tone moja kwenye vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya nazi linatosha, na huo mchanganyiko usiupake usoni. Mshubiri saga wa siku mbili tatu, weka kwenye friji, maana chochote chenye maji bila kihifadhi kinaota kuvu na bakteria hata kama hujaviona. Na kabla ya yote paka kidogo kwenye kiwiko upande wa ndani, subiri siku mbili, pakiwasha osha na uache.