Maswali ya Wasomaji: Baridi inakuja, nizibe banda lote?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nina mbuzi kadhaa, ng'ombe mmoja wa maziwa na kuku wa mayai, msimu wa baridi unakaribia na huu ndo mwaka wangu wa kwanza kufuga. Nimenunua turubai nataka nizibe banda la mbuzi pande zote mpaka juu hata upepo usipite, na kwa kuku niwashe taa ya joto usiku kucha. Niko sawa? Na majani makavu niweke kiasi gani, naogopa yasije yakaisha katikati.

JIBU: Turubai ni zuri ila usilifikishe juu. Mbuzi mzima mwenye manyoya makavu na tumbo lililoshiba anaimudu baridi kuliko unavyodhani, kinachomuangusha ni unyevu na upepo unaompiga akiwa amelala. Ukiziba kote, mvuke wa pumzi na harufu ya mkojo vinabaki humo humo, paa linaanza kudondosha matone, amonia (ile gesi kali ya mkojo) inajaa, baada ya muda unasikia vikohozi unasingizia baridi kumbe ni banda. Ziba kuanzia chini mpaka kupita mgongo wa mbuzi aliyesimama, pale chini ya paa acha wazi. Halafu ingia alfajiri kabla hewa haijabadilika, chuchumaa pua yako iwe usawa wa pua ya mbuzi aliyelala, uvute pumzi. Macho yakikuwasha ujue wenzio wamelala humo usiku mzima.

Matandazo usiyatoe yote kila siku, ongeza makavu juu, ya chini yanaoza taratibu na kutoa joto. Piga goti hapo, suruali ikilowa bado hayatoshi.

Majani sasa. Mbuzi wa kilo 40 anakula kama kilo moja na nusu ya majani makavu kwa siku, zidisha kwa idadi ya mbuzi na siku za baridi kisha ongeza robo nzima, maana mbuzi anachagua na kukanyaga kuliko anavyokula (hapo hata ufanye nini). Ng'ombe mpigie hesabu yake peke yake. Usiku wa baridi kali waongezee majani na sio pumba, kwa sababu majani yanavyochachuka tumboni ndo yanawapa joto. Ila usihifadhi yenye unyevu, yanaota ukungu, na yakirundikwa mabichi yanaweza kupata moto yenyewe mpaka yakaunguza ghala.

Maji watu wanasahau kabisa! Yakiwa baridi sana ng'ombe anaonja tu, asipokunywa hali vizuri, na maziwa yanashuka. Beberu waliohasiwa nao wakinywa kidogo wanapata vijiwe kwenye njia ya mkojo. Peleka ya uvuguvugu asubuhi na jioni.

Taa ya joto kwa kuku wakubwa mi siipendi, ikidondoka kwenye matandazo makavu banda limeisha, na kuku wana manyoya yao. Kama shida ni mayai kupungua, weka taa ya kawaida ya mwanga, ukijumlisha na mwanga wa mchana yafike masaa 14 kwa siku.

Mbuzi wenye mimba wanazaa miezi mitano baada ya kupandwa, kwa hiyo angalia tarehe zako mapema, atakayeangukia kwenye baridi kali umtengee kona kavu kabla hajaanza kuhangaika.